Nati za Kipande cha Tano

"Jukwaa hili," alisema Spana, akilipiga bomba la mbele teke la kirafiki, "hata ukilipandisha tembo kumi na mmoja pamoja na wale wa akiba, halitikisiki. Kila nati imepita kwenye mkono huu. Mkikuta moja imelegea njooni mnikate kidole, na kidole chenyewe mtachagua nyinyi."

Watu wawili waliokuwa wakimsikiliza hawakuwa watu wa kuambiwa maneno hivi hivi. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa klabu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hadi leo akikusalimia unajikuta unachomekea shati. Wa pili alikuwa mkaguzi wa ligi, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa utadhani vumbi linamwogopa. Mkaguzi aliinama, akatazama nati za kipande cha kwanza, akatazama za cha pili, akaona kila moja ina nukta ya rangi ya kijani kichwani, akaandika kwenye karatasi yake neno moja: Sawa. Kipande cha tano hakukifikia. Jua lilikuwa kali, na nukta za huko mwisho zilionekana vizuri tu kutoka pale aliposimama.

Ukweli wenyewe ni huu. Jukwaa lile la mabomba na mbao lilikuwa na vipande vitano, na kila kipande kilikuwa na nati arobaini na nane. Spana alikuwa amekaza vipande vinne. Nati za cha tano alikuwa amezizungusha kwa vidole tu, kama unavyofunga chupa ya maji unayojua utaifungua tena sasa hivi.

Haikuwa roho mbaya. Kila mvua zinapokwisha, jukwaa lilifunguliwa, mbao zikaanikwa, halafu likaunganishwa upya. Utaratibu ulikuwa rahisi hata kwa mtoto: kaza nati kwa spana, kisha weka nukta ya kijani, ili ajue kila mtu kwamba hii imemalizwa. Lakini rangi ikishafunguliwa huota ngozi juu, na Spana alikuwa kijana wa akili nyingi. Alhamisi ile alasiri alijiambia, nianze na nukta zote kabla rangi haijakauka, spana itafuata. Akapaka nukta mia mbili na arobaini kwa mkupuo mmoja, akajipongeza, akaanza kukaza. Alipomaliza kipande cha nne akasikia mlio ambao kwake ulikuwa mtamu kuliko wito wa chakula: mpira ukipigwa, kisha glovu zikiupokea. Kipa alikuwa anafanyishwa mazoezi ya penalti.

Spana akashuka. Dakika tano tu, alisema.

Alirudi nyumbani giza limeshaingia na furaha imemjaa hadi kooni. Ijumaa bosi wake wa gereji akamlaza chini ya lori kutwa nzima. Jumamosi aliachiwa saa sita, akaja mbio na spana mfukoni, na nani amesimama mbele ya jukwaa? Mwenyekiti, mkaguzi na vile viatu.

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: bado kipande kimoja, nipeni nusu saa. Lakini kanuni ya ligi ilikuwa wazi, na mwenyekiti alikuwa ameisoma kwa sauti mara tatu kwenye mkutano: uwanja ambao jukwaa lake lina dosari siku ya mchezo, mchezo haupigwi, na pointi zote tatu wanapewa wageni. Na leo pointi moja tu ilitosha kuibakiza timu yao, Kobe, kwenye ligi. Bila hiyo wanashuka, na chini ya ligi ile hakuna ligi nyingine, kuna watu wanaocheza peku huku wakizuia mbuzi wasipite katikati. Kwa hiyo Spana alifungua mdomo aseme ukweli, na wakatoka tembo.

Alijaribu mara moja tu kurekebisha. Mkaguzi alipogeuka alijipenyeza chini ya kipande cha tano, akakaza nati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne hakuifikia. Viatu vinavyong'aa vilikuja vikasimama kando ya kichwa chake.

"Kuna tatizo, fundi?"

"Hakuna, mzee. Spana ilidondoka."

"Basi toka, watu wanaanza kupanda."

Na kweli watu walikuwa wanapanda.

Mtu asiyewahi kushabikia timu ndogo hawezi kuelewa kwa nini watu wazima mia tatu wanaacha kivuli nyumbani waje kuungua kwenye mbao. Ukishabikia timu kubwa, unaipigia kelele runinga, nayo haikusikii. Ukishabikia Kobe, unampigia kelele winga wa kushoto, naye anasimama, anageuka, anakujibu. Mshambuliaji wao alikuwa fundi simu. Akikosa bao Jumamosi, Jumatatu unampelekea simu isiyo na ugonjwa wowote ili upate nafasi ya kumsema kwa utulivu. Kipa aliuza nyama buchani kwake, na wiki ambayo hakufungwa, kipande chako kilikuwa na mfupa mdogo. Jina la Kobe lenyewe walipewa kwa dhihaka na timu pinzani, kwa sababu walikuwa hawafungi mpaka dakika za mwisho, nao wakalipenda, wakalishona kwenye jezi zao za kijani. Kila mtu alijua mahali pa mwenzake pa kukaa. Ukikosa mechi moja, watu wanakuja kukuangalia kama umelazwa.

Na Spana hapo alikuwa mtu. Gereji aliitwa "wewe", au "wewe tena". Hapa alikuwa kiongozi wa nyimbo. Alisimama juu ya kreti la soda mbele ya kipande cha tano, ambacho ndicho cha waimbaji, kipaza sauti mkononi, uso kwa watu na mgongo kwa mchezo. Kwa miaka mitatu hakuwa ameona bao hata moja la Kobe kwa macho yake. Aliyaona kwenye nyuso: kwanza macho yanapanuka, kisha midomo inafunguka, halafu kipande kizima kinaruka. Aliapa kwamba mabao yanapendeza zaidi yakitazamwa hivyo.

Leo kipande kizima kilikuwa mbele yake, kimejaa hadi kingo. Watu themanini. Na kwenye safu ya juu kabisa, pembeni, juu ya mto wake wa sponji, alikaa bibi yake.

Bibi alikuwa mkunga mstaafu, na nusu ya kikosi kile kiliingia duniani kupitia mikono yake. Akiwatukana wachezaji alianzia mbali. "Nilipokutoa ulikuwa unapiga miguu vizuri kuliko hivyo," angemwambia beki, na beki angeomba radhi. Magoti yake yalimchukua robo saa kupanda, lakini hakukubali mahali pengine, kwani kutoka pale, alisema, anayaona magoli yote mawili na masikio ya refa.

Filimbi ikapulizwa saa nane. Kinyozi wa mtaa, aliyekuwa mpiga ngoma, akanyanyua vijiti akimngoja Spana aanzishe ule wimbo wa kufungulia, ambao kila mtu lazima aruke. Asiyeruka huambiwa aende akakae na wageni.

Spana akaanzisha wimbo wa taratibu.

Kinyozi akashusha vijiti. "Huo si tuliimba siku tuliyomzika kocha wa zamani?"

"Ni mzuri. Una maneno mazito."

"Spana, tunacheza mpira hapa, hatujaja kutoa pole."

Watu wakacheka, wakaimba. Walimpenda. Waliimba wimbo wa kocha mara mbili, kisha Spana akawapa mwingine wa kupiga makofi, kisha mmoja wa kunyamaza kabisa kwa dakika moja ili, alisema, wageni wachanganyikiwe. Akawachekesha kwa hadithi ya mshika kibendera mwenye suruali fupi. Hakuwahi kufanya kazi ngumu namna ile juu ya kreti. Jasho lilimtoka mgongoni huku macho yake yakibaki mahali pamoja: pale kipande cha nne kilipoungana na cha tano. Mchezo ulipoanza, ufa wa pale ulikuwa mwembamba kama ukucha.

Dakika ya ishirini ungeweza kuingiza kidole.

Hakuna aliyeona, kwa sababu wote walitazama uwanjani. Ni yeye peke yake aliyekuwa ameelekea upande ule, kwa miaka mitatu, kwa ajili ya raha, na sasa alitazama kama mtu aliyefungwa kwenye kiti. Mshambuliaji wa Kobe alipopiga shuti likapita juu, watu walikanyaga mbao kwa hasira, mara moja tu, na kitu kidogo kikaanguka kwenye majani mbele ya kreti. Nati. Kichwani ilikuwa na nukta ya kijani, nadhifu, haina hata mkwaruzo. Spana akashuka kama anayefunga kamba ya kiatu, akaiokota, akaitia mfukoni. Mpaka mapumziko mfuko ulikuwa na nati tano, na kila akipumua zilikuwa zinagongana.

Timu zilikwenda mapumziko bila bao. Spana akapanda juu. Kila ngazi aliyokanyaga ilimjibu kwa mlio mwembamba, kama panya aliyebanwa.

"Bibi, njoo nikuhamishie kipande cha pili. Kuna kivuli."

"Kivuli kipi? Jua liko utosini."

"Basi kuna upepo."

Bibi alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wanawake wanaodai uchungu haujaanza. Akamwekea kiganja shingoni. "Hujaumwa. Umegombana na mtu?"

"Hapana, Bibi."

"Kuna mtu hutaki akuone ukiwa nami?"

"Bibi, sikiliza." Alichuchumaa. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio la bibi yake, na yale maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Wakati huohuo sauti ya mwenyekiti ikapanda kutoka chini.

"Mkunga wetu! Huyu mjukuu wako, nilikuwa nataka kukwambia mwenyewe. Kamati imekaa. Wiki ijayo tunamkabidhi funguo za uwanja. Awe msimamizi. Mtu anayekaza nati kwa moyo namna hii, unampata wapi siku hizi?"

Bibi alishika ukingo wa kanga yake akajifuta pembe ya jicho moja, kisha la pili, halafu akampiga mjukuu wake kofi dogo mgongoni, lile lile alilowapiga watoto ili walie kwa mara ya kwanza. Maneno yaliyokuwa kwenye meno ya Spana yakarudi yalikotoka. Alishuka akihesabu ngazi. Kwenye ya tatu kutoka chini aliinyanyua bolti kwa vidole viwili ikatoka nzima nzima, akairudisha kwenye tundu lake, taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.

Kipindi cha pili alikoma kuchekesha. Watu walidhani ni mbinu, nao wakanyamaza naye, na ukimya ule ukawa mbaya kuliko kelele, kwani sasa alisikia kila mlio. Mbao zilikuwa zinaongea. Chupa tupu iliyowekwa safu ya nne ilianza kujiviringisha yenyewe kuelekea kushoto, bila haraka, ikapita miguu ya watu sita, ikadondoka. Mmoja wao aliitazama ikipita, akarudisha macho mchezoni.

Dakika ya sabini mpira wa Kobe uligonga mwamba. Spana aliuona mwamba huo kwenye nyuso: macho, midomo, na kabla hajanyanyua mkono, kipande kizima kilikuwa kimeruka.

Jukwaa likaenda pembeni, upana wa kiganja, likarudi.

Kwa sekunde moja watu themanini walishikana mikono. Kisha kicheko kikaripuka.

"Limecheza!" alisema kinyozi, ameshikilia ngoma yake kama mtoto. "Mnaona? Hata jukwaa ni Kobe."

"Tusirukeruke," Spana alisema kwenye kipaza sauti. "Jamani. Tukae. Tuimbe tumekaa."

"Wewe ulisema tembo," mtu akamjibu kutoka safu ya tano, kwani majigambo yale yalishasambaa jukwaa zima.

"Tembo kumi na mmoja," mwingine akaongeza, "na mimi niko mmoja tu, tena nimepungua."

Wakacheka tena. Walikuwa na furaha ya watu ambao timu yao inakaribia kupona, na hakuna kitu kigumu kukiingiza kwenye masikio ya watu kama hao. Bibi kule juu alikuwa amesimama kidogo kumtukana refa, akakaa tena. Mto wake ulikuwa umesogea kutoka mahali pake.

Dakika ya themanini na nne, nyuso zote zikabadilika kwa mpigo. Macho hayakupanuka, yalizima. Spana hakuwahi kuziona namna ile. Akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mitatu: akageuka.

Refa alikuwa amenyoosha mkono kwenye nukta ya penalti, na ilikuwa ya wageni. Goli lenyewe lilikuwa lile la karibu, hatua thelathini kutoka kwenye kreti lake. Kipa alikuwa anatembea juu ya mstari, anapiga glovu pamoja, pole pole, kama anavyonoa visu vyake. Wachezaji wa Kobe walimzunguka refa wakilalamika. Bado kulikuwa na dakika moja, labda mbili.

Spana alijua kitakachotokea. Pengine uwanja mzima ni yeye tu aliyejua, kwa sababu Alhamisi, kati ya kila penalti kumi, Kipa alikuwa amedaka tisa. Angeudaka huu pia. Na ukidakwa, hakuna nguvu duniani ya kuwazuia watu hawa themanini kuruka, wote kwa mara moja, juu kadiri watakavyoweza, tena na tena. Na kwa muda wa pumzi moja, mtu huyu ambaye damu yake ilikuwa ya kijani aliomba mpira uingie. Aliomba timu yake ishuke. Akajisikia akiomba, akaweka kipaza sauti mdomoni.

"Shukeni! Jukwaa halijakazwa! Kipande hiki hakijakazwa, shukeni wote!"

Wakamtazama. Kisha kinyozi akatikisa kichwa kwa mapenzi.

"Spana, si sasa, ndugu yangu. Utani baadaye."

"Si utani! Mimi ndiye fundi, nawaambia halijakazwa!"

"Leta kidole basi," akasema yule wa safu ya tano, na hata katika hofu ya penalti watu wakapata nafasi ya kucheka kidogo. Hakuna aliyeinuka. Uwanjani refa alishamaliza kuwasukuma wachezaji. Mpigaji alikuwa anauweka mpira.

Ukweli ulishindwa, basi Spana akarudi kwenye kile anachokiweza.

"Kipa ameomba!" alipiga kelele. "Ameniambia mwenyewe! Ikija penalti anataka tuwe nyuma ya goli, anataka atusikie mgongoni! Twendeni tukamtie wazimu mpigaji! Wa mwisho kufika ni wa wageni!"

Hilo waliliamini papo hapo. Kipande cha tano kikamwagika. Kinyozi alikuwa wa kwanza, ngoma tumboni, na wengine nyuma yake, wakirukia safu mbili mbili, kila mguu ukiliondolea jukwaa kitu. Spana aliona bolti zikichomoka zenyewe na kuning'inia. Mbao ya safu ya kwanza iliteleza upande mmoja. Watu wakapita juu yake bila kutazama. Wa kipande cha nne nao, walipoona wenzao wanakimbia, wakakimbia; nani anataka kukosa?

Juu alibaki mtu mmoja.

"Mimi naona vizuri hapa," Bibi aliita. "Nendeni nyinyi wenye magoti."

Spana alitupa kipaza sauti. Alipanda kwa mikono na miguu, na jukwaa likapanda naye na kushuka naye, laini sana sasa, kama kitanda kibovu.

"Bibi, panda mgongoni."

"Nipande nini? Wewe mtoto, penalti inapigwa."

"Panda, Bibi. Nakuomba usiniulize."

Pengine ni sauti yake. Bibi aliacha mto, akamzungushia mikono shingoni. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na bado alikuwa amegeuza kichwa kutazama goli. Spana hakutazama chochote isipokuwa mguu wake mmoja, halafu mwingine. Safu ya tano. Safu ya nne, pale mbao ilipozunguka chini yake akakanyaga bomba tupu. Kushoto kwake ufa ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha mtoto. Nyuma ya goli watu walikuwa wanapiga makelele ya kila namna. Kisha wakanyamaza.

Akausikia mguu wa mpigaji. Halafu akausikia ule mlio mwingine, wa glovu.

Ardhi ikatikisika kwa watu mia tatu wanaoruka. Spana aliruka safu mbili za mwisho, akaanguka magoti kwenye majani na Bibi mgongoni, akatambaa, akajiburuta, akafika kwenye kreti.

"Amedaka," Bibi alisema kwenye sikio lake, kwa utulivu. "Mkono wa kulia."

Nyuma yao kipande cha tano kiliinama. Hakikuanguka kwa kishindo. Kilijikunja kuelekea pembeni, safu moja juu ya nyingine, kama mtu anayekaa chini baada ya safari ndefu, na kikavuta nusu ya kipande cha nne kikaenda nayo. Ndipo mabomba yakagonga ardhi. Mto wa sponji ulidunda mara moja, ukabaki kati ya vyuma viwili vilivyopindana. Vumbi likapanda likafunika benchi la wageni.

Kelele za nyuma ya goli zilikatika. Refa akasimamisha mchezo. Watu walikuja wakitembea, si kukimbia, wakasimama nusu duara. Kila mmoja alitafuta kwa macho mahali alipokuwa ameketi, akapaona.

Kinyozi alimshika Spana kichwa kwa mikono miwili. "Ulijua. Ulituambia, tukakucheka. Ulijuaje?"

Na Spana angeweza kusema sasa. Hakuna aliyeumia. Lakini wote walikuwa wanamtazama, na nyuso zile alizijua, zilikuwa nyuso za bao, safari hii kwa ajili yake. Mkono wa Bibi ulikuwa begani mwake.

"Nilisikia tu," alisema. "Chuma kina lugha yake. Ukikifanyia kazi kwa moyo, unakisikia."

"Lakini nati zote zilikuwa na alama," alisema mkaguzi, akiinyanyua karatasi yake. Viatu vyake sasa vilikuwa na vumbi. "Niliziona. Nimeandika."

"Zilikuwa zimekazwa zote," Spana alisema. Sauti ilimtoka kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe. "Nilizikaza Alhamisi jioni. Moja moja, mpaka giza likanikuta humo chini."

"Basi kuna aliyezifungua," alisema kinyozi.

Ilisemwa polepole. Yule mtu wa safu ya tano, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akidai kidole, aligeuka akawatazama wageni, waliokuwa wamekusanyika kwenye benchi lao wakipangusa vumbi machoni.

"Hawa walifika jana," alisema. "Walilala pale shuleni. Nani alikuwa anawalinda?"

"Hakuna."

"Bibi wa watu alikuwa pale juu."

Nusu duara likafunguka likawa mstari, na mstari ukaelekea kwenye benchi la wageni. Yule mtu aliinama, akachomoa kipande cha bomba kwenye lundo, akakipima mkononi. Wengine wawili nao wakainama. Spana alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakukutoka kitu, wala ukweli wala uongo. Mchezaji mmoja wa wageni, kijana mwenye masikio makubwa, aliwatazama wakija, akatabasamu, kwa sababu hakuwa ameelewa bado.

"Yuko wapi? Yuko wapi huyu?"

Alikuwa Kipa. Alikuja mbio kutoka golini, jasho linamchuruzika, glovu bado mkononi, akapasua mstari katikati bila kuuona, akamkumbatia Spana akamnyanyua kutoka ardhini.

"Huyu ndiye mmpongeze," aliwaambia watu, akihema. "Mimi nimetia mkono tu. Alhamisi kocha ananipigia penalti, wenzangu wote wameshaondoka, huyu kasimama nyuma ya goli langu kuanzia jua halijazama. Ananihesabia. Ananiambia mpigaji akipinda bega nenda kulia. Mpaka giza, hatuuoni mpira, bado yuko. Hata maji hakwenda kunywa. Niulizeni mimi."

Kipa alimshusha Spana chini, na mfukoni mwa Spana nati zikagongana. Yule mwenye bomba alilishusha mpaka ncha ikagusa majani. Bibi aliondoa mkono wake begani mwa mjukuu wake, akazunguka mpaka akawa mbele yake, amwone vizuri.

"Alhamisi," alisema mwenyekiti. "Rudia tena, Spana. Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"